Masika yanakaribia: maswali yenu kuhusu bustani ya mboga

Februari inayoyoma na barua zimekuwa nyingi, karibu zote zikiuliza kitu kimoja: nifanye nini kabla mvua za Machi hazijaanza? Nafurahi mnauliza sasa. Bustani ya masika hutengenezwa ardhi ikiwa kavu.

*Nakaa Kigamboni, udongo wetu ni mchanga mtupu. Nikimwagilia asubuhi, mchana pamekauka. Nianzeje?*

Anza na samadi, na uanze wiki hii. Weka debe moja la samadi iliyooza kwa kila mita moja ya tuta, kisha ichanganye na udongo mpaka kina cha sentimita 20 hivi. Neno "iliyooza" ndilo la kuzingatia. Ingiza mkono katikati ya lundo: ukikuta joto, au ukasikia harufu kali ya zizi, bado. Samadi iliyoiva ni nyeusi, hupukutika kiganjani, na hunuka kama udongo uliolowa. Ile mbichi huunguza miche, na ya kuku ndiyo kali kuliko zote.

Usimalize samadi yote kwa mkupuo mmoja. Kwenye kichanga, mvua kubwa huteremsha rutuba chini, mizizi isiifikie. Bakiza kiasi, uwe unaongeza konzi moja kuzunguka kila shina mboga zikishashika. Baada ya kupanda, funika tuta kwa nyasi kavu au majani ya migomba.

*Kila masika mchicha wangu unageuka njano na kuoza. Niko Morogoro, udongo ni mfinyanzi.*

Mizizi inakosa hewa kwa sababu maji yanatuama. Inua matuta sentimita 20 hadi 30, yawe na upana wa mita moja ili mkono ufike katikati bila kukanyaga juu, na uchimbe mfereji kati ya tuta na tuta. Penye mteremko, tuta likingame, lisishuke na maji.

Usilime mfinyanzi ukiwa umelowa, maana utakauka mabonge magumu yasiyopenya mzizi. Finyanga donge dogo, liachie kutoka usawa wa kiuno. Likisambaratika, shika jembe. Likibonyea tu kama andazi, subiri. Naona bustani nyingi zikiharibika kwa haraka ya siku moja baada ya mvua ya kwanza, na inaniuma kwa sababu ni kosa linaloepukika kabisa.

*Miche nisie lini?*

Sukuma wiki, chainizi na bilinganya, sia kitaluni sasa. Miche huchukua wiki nne hivi, kwa hiyo itakuwa tayari mvua zikishakolea. Sia kwa mistari na usibananishe, maana msongamano na maji mengi ndivyo vinavyoleta kinyausi, ule ugonjwa wa miche kukatikia shingoni na kulala chini. Wiki ya mwisho punguza kivuli na maji ili izoee, kisha hamisha jioni. Mchicha na bamia hupandwa moja kwa moja kwenye tuta. Mbegu za bamia ziloweke usiku kucha.

*Na nyanya?*

Kwa masika, nakushauri uache. Majani yakishinda yamelowa, bakajani, ugonjwa wa mabaka kwenye majani, haichelewi. Panda mvua zikielekea ukingoni.

*Nyuma ya nyumba palikuwa na gereji. Naweza kupanda mboga?*

Usipande ardhini, tafadhali. Oili chafu na betri za zamani huacha sumu, hasa madini ya risasi, ambayo hayaozi wala hayaishi kwa mvua, na watoto ndio huumia zaidi. Tumia magunia au viroba vya nafaka, na udongo utoke sehemu nyingine unayoiamini.

Chukua kopo kubwa lisilo na kitako, lisimamishe katikati ya gunia, ulijaze kokoto, kisha jaza udongo uliochanganywa na samadi pembeni yake. Vuta kopo juu, jaza tena kokoto, ongeza udongo, hivyo hivyo mpaka juu. Ile nguzo ya kokoto ndiyo itakayogawa maji mpaka chini. Toboa matundu ubavuni upande sukuma wiki, na juu upande pia. Gunia likae juu ya matofali, mizizi isishuke kwenye ardhi ile.

*Nina mbegu zilizobaki mwaka jana. Zitaota?*

Zijaribu. Hesabu mbegu kumi, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu na uziweke pasipo jua kwa wiki moja. Zikiota saba au nane, panda kama kawaida. Zikiota tano, sia kwa wingi zaidi. Chini ya hapo nunua nyingine, na za kitunguu usizitegemee sana, hupoteza nguvu upesi.