Je, Kinga ya Mwanamke Inashinda Vimelea Kuliko ya Mwanamume?

SWALI: Nimesoma kwamba wanaume huugua zaidi magonjwa yanayoletwa na vimelea. Je, kinga yao ndiyo hafifu, au ni kwa sababu ya kazi wanazozifanya? Na ikiwa kinga ya wanawake ni imara zaidi, mbona malaria huwaelemea wajawazito?

JIBU: Ndugu msomaji, sababu zote mbili zipo, na kazi ngumu ni kuzitenganisha. Anayeshinda majini, awe anavua samaki au anafua nguo, ataambukizwa kichocho mara kwa mara, kwa hiyo hesabu ya wagonjwa peke yake haituelezi mengi kuhusu kinga. Tunahitaji ugonjwa ambao maambukizi yake yanakaribiana ilhali madhara yake yanaachana, na amiba, kimelea cha utumbo, anatupatia mfano huo. Vimelea hivi hukaa katika utumbo wa wanaume na wa wanawake bila tofauti kubwa, lakini jipu la ini, ambalo hutokea vinapopenya ukuta wa utumbo na kuchukuliwa na damu, huwapata zaidi wanaume watu wazima, na katika baadhi ya taarifa hufikia mara 10 ya wanawake. Kwa watoto tofauti hiyo haijitokezi, jambo linalotufanya tuzitazame homoni za balehe.

Majaribio ya panya yanaelekea huko huko. Madume waliohasiwa kabla ya kuambukizwa malaria ya panya hustahimili ugonjwa kuliko wasiohasiwa, na majike waliopewa testosteroni, homoni ya kiume, hufa kwa wingi zaidi. Homoni hiyo hupunguza makali ya chembe za kinga, wakati estrojeni, homoni ya kike, kwa viwango vya kawaida, husaidia utengenezaji wa kingamwili, yaani protini za damu zinazopambana na vimelea. Isitoshe, kromosomu ya X, mojawapo ya nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli, imebeba jeni nyingi za kinga, na mwanamke anazo mbili. Moja hunyamazishwa katika kila seli, ila baadhi ya jeni zake huendelea kufanya kazi. Ukali huo wa kinga ya mwanamke una gharama yake, kwani wengi wa wanaougua maradhi ya kinga kuushambulia mwili wenyewe, kama lupasi, ni wanawake.

Hata hivyo, mimi nisingesema kwamba kinga ya mwanamke ni imara kuliko ya mwanamume na kuishia hapo, kwa sababu jibu hubadilika kulingana na kimelea. Panya jike walioambukizwa toksoplasma, kimelea kinachoenezwa na paka, kwa mfano, huumia kuliko madume.

Kuhusu wajawazito, ni kweli kwamba mimba hubadilisha kinga, lakini kwa malaria kiini cha tatizo kiko kwenye kondo la nyuma. Vimelea vya malaria viitwavyo Plasmodium falciparum huweza kutokeza juu ya chembe nyekundu za damu protini iitwayo VAR2CSA, inayozinasisha chembe hizo katika kondo. Mwanamke aliyekulia penye malaria anazo kingamwili nyingi, ila dhidi ya protini hii huwa hana, kwa kuwa kabla ya kushika mimba mwili wake haukuwa na mahali pa kuinasa. Ndiyo maana mimba ya kwanza huwa ya hatari zaidi, na zinazofuata hupata nafuu kadiri kingamwili hizo zinavyojengeka. Chanjo mbili zilizotengenezwa kutokana na protini hiyo, PAMVAC na PRIMVAC, zimekwisha kufanyiwa majaribio ya awali kwa binadamu.