Mbegu za mtu wa mtandaoni, dada tunaogopa

SWALI: Shikamoo dada. Mi na mume wangu tuko Leicester miaka 9 sasa, hatujajaliwa mtoto, daktari kasema tutumie mbegu za mchangiaji. Kuna jamaa tumempata mtandaoni anasema atatupa bure, anazileta nyumbani. Kuna ubaya?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, poleni sana. Huyo jamaa achaneni naye kabisa. Uingereza ina sheria ya 1990, kliniki yoyote ya mbegu na mayai lazima iwe na leseni ya HFEA, yaani mamlaka inayosimamia kliniki za uzazi huko, na hapo mchangiaji anapimwa ukimwi, homa ya ini B na C, kaswende, kisonono, halafu mbegu zinagandishwa kwenye naitrojeni nyuzi -196 na kuwekwa kando mpaka apimwe tena miezi kadhaa baadaye, maana virusi vinaweza kuwepo na kipimo cha kwanza kisivione. Sasa huyo anayekuja na kikopo chake sebuleni kwenu kapimwa na nani?

Kliniki hata jina kwenye kichupa linahakikiwa na kushuhudiwa kila hatua, wasije wakakuwekea za mwingine. Na mchangiaji mmoja mwisho familia 10, huyo wa mtandaoni nani anamhesabia?

Ila jueni hili mapema: aliyechangia kuanzia Aprili 2005 siyo siri tena, mtoto akifika miaka 18 anaweza kuomba jina lake. Kaeni wawili mliongee hilo kabla hamjasaini fomu, na leseni ya kliniki iangalieni kwenye tovuti ya HFEA.