Barua kwa mwanangu: usijigeuze mtu wa kelele kwa ajili ya kazi

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku Kimara hatujambo. Umeniuliza kama ukimya wako mtandaoni ndio unaokukosesha kazi. Mwenzako mliyemaliza naye chuo kila siku yuko LinkedIn na Instagram akijinadi, naye ameshaitwa kwenye usaili, wakati maombi yako wewe hayajibiwi. Unataka kujua uanze kupiga kelele kama yeye, au ufute akaunti zako zote mambo yaishe.

Usifanye lolote kati ya hayo, baba. Nakujibu kama mama yako, na pia kama mtu anayekaa kwenye jopo la usaili.

Waajiri wanachungulia, hilo usilitilie shaka. Serikalini afadhali kidogo, maana maombi yanapitia Ajira Portal. Kwenye kampuni binafsi huku mjini, wasifu unawekwa mezani, mtu anaandika jina la mwombaji kwenye simu, kisha simu inazungushwa. Nimeshuhudia binti mwenye vyeti vizuri akiitwa "mtu wa starehe" kwa sababu ya picha za kitchen party: amevaa sare na wenzake, anacheka. Basi, ni hilo tu. Aliyefuata alikuwa kijana asiyeonekana popote mtandaoni, mmoja wetu akauliza, "Huyu anaficha nini?" Hakuna aliyekuwa amefunua barua iliyoambatanishwa nyuma ya wasifu wake, ambamo bosi wake wa zamani alieleza kwamba ghala alilosimamia hesabu zake hazikuwahi kupishana na mzigo uliomo. Niliichomoa ile barua nikawasomea kwa sauti.

Wataalamu wa saikolojia hupima haiba kwa mambo matano: udadisi, uwajibikaji, uchangamfu, upole kwa wenzako, na wepesi wa kushikwa na wasiwasi. Mwaka 2010 Mitja Back na wenzake walichunguza kurasa za watu 236 wa Marekani na Ujerumani, wakakuta kwamba mgeni akiangalia ukurasa wa mtu humwona zaidi alivyo kweli kuliko anavyotamani awe. Uchangamfu na udadisi vilisomeka vizuri zaidi, wasiwasi ulisomeka kwa shida. Kwa hiyo ukijitia uchangamfu usio wako, utachoka bure na watu watakushtukia.

Tena uchangamfu huo unaoonekana haraka kwenye simu sio unaobeba kazi. Barrick na Mount, mwaka 1991, walikusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizowatangulia wakaona kwamba uwajibikaji ndio unaoendana na utendaji mzuri katika kila kundi la kazi walilolipima. Uchangamfu uliwafaa hasa wauzaji na mameneja. Wewe umesomea ununuzi na ugavi. Huko anatakiwa mtu anayehesabu mzigo mara mbili kabla ya kusaini kwamba umefika, na wewe ndivyo ulivyo tangu ukiwa mdogo, ulikuwa unanihesabia hata chenji ya daladala.

Kuna utafiti mwingine wa Marekani, wa Van Iddekinge na wenzake, uliochapishwa 2016, ambao ningependa kila jopo la usaili liusome. Waajiri walipewa kurasa za Facebook za wanafunzi wa chuo waliokuwa wakitafuta kazi, wakaambiwa wazipe alama. Baadaye alama hizo zililinganishwa na tathmini za wasimamizi wao kazini, na hazikuendana nazo. Isitoshe, ziliwapendelea wanawake na Wazungu. Nalisema hili ili usidhani jopo likikupita limekupima sawasawa.

Mwenzako mwache na njia yake. Kama ni mchangamfu kwa asili, ukurasa wake unamsema ukweli.

Wa kwako nao useme ukweli wako. Ulipokuwa field kwenye lile duka la vipuri Gerezani, uliwatengenezea daftari la stoo: namba ya kipuri, rafu kilipo, kiasi kilichobaki, tarehe ya kuagiza tena. Hujawahi kumwonyesha mtu zaidi yangu! Muombe mwenye duka ruhusa, piga picha ukurasa mmoja, ziba bei, uweke LinkedIn. Chini yake eleza kwa sentensi tatu nne hali ilikuwaje kabla na kipi kilibadilika. Usianze na "nina shauku kubwa", kila mtu anaandika hivyo. Jina lako lifanane na la kwenye vyeti, picha iwe ya uso wako, si ya gari la mjomba. Ukiweka kitu cha namna hiyo mara moja kwa mwezi kinatosha kabisa.

Cha kufuta ni yale majibizano yako ya Simba na Yanga. Ushabiki hauna neno, lakini yale matusi yafute leo hii.

Na akitokea mwajiri wa kukuomba nywila zako, kataa kwa adabu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa zako hazikusanywi bila sababu halali.

Jumamosi njoo na hilo daftari, tuandike maelezo yake pamoja.

Mama yako.