Kabla ya kununua spana za breki, tazama kalipa ya pikipiki yako

Anayetaka kujibadilishia breki pedi nyumbani mara nyingi hukimbilia lile boksi kubwa la spana linalouzwa bei rahisi. Nakusihi usianzie hapo. Chuchumaa kwanza kando ya pikipiki na utazame. Boxer nyingi za bodaboda zina breki za dramu: humo hamna pedi, mna breki shuu, na lazima tairi litoke, kwa hiyo utahitaji spana ya nati ya ekseli. Kama ni diski, angalia bolti za kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski. Kwenye pikipiki nyingi za Kijapani na zilizofuata mtindo huo, bolti hizo ni za milimita 12 au 14. Pini inayoshikilia pedi mara nyingi hufunguliwa kwa alenkii namba 5, ile funguo ya pembe sita yenye umbo la L.

Namba moja tu ikizidi, kichwa cha bolti kinaliwa. Spana ya 13 itaingia kwenye bolti ya 12 na utadhani inafaa, mpaka uivute kwa nguvu. Mimi hununua chache zilizo imara: soketi za pembe sita, si kumi na mbili, kwa sababu zinakamata pande zote za nati hata ikiwa imeshaanza kulika. Spana malaya, ile ya mdomo wa kurekebishwa, iache nyumbani kabisa. Kwenye breki haina kazi. Na pini ya pedi ilegeze kalipa ikiwa bado imefungwa kwenye shokapu ya mbele. Ukishaitoa kalipa, inacheza mkononi na hupati nguvu.

Sehemu inayowashinda wengi ni kurudisha ndani pistoni, kile kipande cha mviringo ndani ya kalipa kinachosukuma pedi. Pedi mpya ni nene, hazitaingia pistoni ikiwa imetoka. Kwanza isafishe kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni, maana uchafu ukisukumwa ndani unachana sili, ule mpira unaozuia mafuta yasivuje. Petroli usiitumie, inaharibu mipira. Kisha fungua kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki, weka pedi kuukuu juu ya pistoni na uisukume polepole kwa klampu ndogo. Klampu ni bora kuliko bisibisi, kwa kuwa inasukuma sawasawa na haikwaruzi kitu. Huku unachungulia kikopo: mafuta hupanda, na yakimwagika yanababua rangi ya tangi. Weka kitambaa chenye maji karibu.

Skrubu za kifuniko hicho ni laini mno. Tafuta bisibisi ya nyota inayojaa kwenye tundu, bonyeza kwa uzito wa mwili ndipo uzungushe.

Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, kwani baadhi ya pedi zina asbesto, na hiyo inaua mapafu. Lowanisha, ufute.

Spana ya kupimia mkazo ni ghali, lakini fundi jirani anaweza kukuazima. Kipimo kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako. Ukimaliza kukaza, rudisha kifuniko, kisha pampu breki mpaka iwe ngumu mkononi kabla pikipiki haijasogea hata hatua moja. Pistoni uliyoirudisha iko mbali na pedi, na mara ya kwanza ukikamata breki hutapata kitu.