Asilimia 5 ya nini? Kijana wa pampu soma hii kabla ya Ijumaa

Ndugu wa pampu, kwanza hongera, maana wengi wetu hapa hata hiyo karatasi ya kampuni hatujawahi kuletewa. Umesema umebuni pampu, kampuni inataka kuitengeneza na kuiuza, wanakupa asilimia 5 ya faida kwa miaka 10, na wanataka usaini mkataba Ijumaa. Naona watu hapa juu wanabishana kama 5 ni kidogo, mmoja anakuambia dai 25. Achana na hiyo namba kwanza. Waulize ni asilimia ya nini.

Mimi ni fundi wa Kamukunji hapa Nairobi, mashine za kukata nyasi ya ng'ombe ndio kazi yangu. Nilibuni kadude kanakofunga kisu kama mkono umekaribia mdomo wa mashine, nikapeleka pale KIPI South C, ofisi ya serikali ya kusajili ubunifu, kabla sijaonyesha mtu, nikapata kile cheti kidogo cha kulinda ubunifu cha miaka 10, sio patenti yenyewe ya miaka 20. Kampuni moja ya Industrial Area ikaniita, chai na maandazi, asilimia 4 ya faida, nikasaini siku hiyo hiyo na jioni nikanunulia vijana wa karakana nyama choma kwa deni.

Mwaka ukaisha wakaleta hesabu. Mashine 190. Nashuka chini naona wametoa bei ya chuma, hiyo sawa, wakatoa mishahara, kodi ya godown, riba ya mkopo wa benki, matangazo, hadi mafuta ya gari la mkurugenzi, mpaka faida ikabaki 240,000, kwa hivyo mimi ni 9,600, na ikakatwa ile kodi ya asilimia 5 ya KRA, watu wa ushuru, nikabaki na 9,120. Deni la nyama lilikuwa bado.

Sasa sikia. Kila mashine ina kibati cha namba ubavuni, na mashine ya kwanza kugongwa 0001 nilikuwepo kwa macho yangu. Wiki mbili baada ya ile hesabu niko River Road natafuta bearingi, naona mashine yangu imewekwa nje ya duka, nikainama nikafuta vumbi kwa kidole. 0342. Nikapiga picha, nikapigia mhasibu wao, akaniambia ati kuna namba waliruka. Mia moja hamsini na kitu, mliruka mkienda wapi?

Kilichoniokoa sio ukali wangu. Walitaka kutengeneza mashine ndogo ya mkono na ile karatasi ya kwanza ilikuwa imetaja kubwa peke yake, kwa hivyo ilibidi warudi kwangu, na safari hii nilienda na wakili. Tukafuta neno faida kabisa. Sasa ni shilingi 750 kwa kila mashine ikitoka getini, iwe imeuzwa kwa hasara, iwe amepewa shemeji wa mkurugenzi bure. Nalipwa kila miezi 3 pamoja na orodha ya namba za vibati. Mhasibu wangu anaweza kuingia akague vitabu mara moja kwa mwaka, na akipata wamepunguza malipo yangu kwa zaidi ya asilimia 5 basi ada yake wanalipa wao. Hicho kifungu waling'ang'ania siku mbili nzima kuliko hata ile 750, na hapo ndio nilijua kina maana.

Kama wanataka wawe peke yao sokoni, lazima kuwe na kiwango cha chini cha mrabaha, yaani malipo yako kwa kutumia ubunifu wako, kila mwaka, wauze wasiuze, wakikosa kufikisha unakuwa huru kupatia mwingine. Bila hiyo wanaweza kuifungia pampu yako kabatini miaka 10 na huna la kufanya.

Kwa yule wa 25: hiyo ni kanuni ya zamani ya Marekani ya mbunifu kupewa robo ya faida, na mahakama ya rufaa ya huko ilishaikataa 2011 kwenye kesi ya Uniloc na Microsoft, ikasema robo haitoki kwa hali halisi ya kesi yoyote. Na robo ya faida ya vitabu kama vile nilionyeshwa mimi ni 60,000 tu, kwa mashine zaidi ya mia tatu. 750 mara 342 piga mwenyewe.

Vitu vidogo: mkataba uandikishwe KIPI, muandike nani analipa ada za kila mwaka za cheti maana kikifa na mrabaha unakufa, na hiyo asilimia 5 ya KRA wakikata wakupe cheti chake.

Ijumaa usisaini. Waambie wakili anasoma, hata kama bado hujampata. Kama wanaitaka hiyo pampu Jumatatu watapiga simu. Na hicho kifungu chao cha hesabu kiweke hapa, ziba jina la kampuni, nikuonyeshe wamejificha wapi.