Chenji ya zabibu anaiweza, daftari la hesabu analia

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi ni mama niko Nkuhungu hapa Dodoma, nina kijana wa form two. Jioni ananisaidia kuuza zabibu, mteja akitaka kilo moja na robo tatu, kilo elfu 4, katoa noti ya elfu 10, mtoto anarudisha elfu 3 mi bado natafuta simu nipige hesabu. Ila akifungua daftari mikono inatetemeka, juzi kalia kabisa. Baba yake anasema uvivu. Mi namwambiaga hesabu kwenye ukoo wetu hazipo. Ni uvivu kweli?

JIBU: Marahaba mama. Uvivu hautetemeshi mikono, mwambie mzee. Unapopiga hesabu kuna sehemu kichwani inashika namba kwa muda, ile ya "andika 4 weka 1", na sehemu yenyewe ni finyu, woga ukiingia unakaa hapohapo, sasa ile 1 akaiweke wapi? Kwenye zabibu hakuna aliyemshikia fimbo wala saa. Na kilo moja na robo tatu mara elfu 4 ni hesabu za sehemu zilezile anazozililia daftarini!

Halafu hiyo ya ukoo, mama yangu, iache. Utafiti wa Marekani uliotoka 2015 ulikuta watoto wadogo ambao wazazi wao wanaogopa hesabu, na wanawasaidia homuweki mara kwa mara, walijifunza kidogo kuliko wenzao na wakawa waoga zaidi. Bora ukae kimya umenye vitunguu.

Kulia nako sio aibu. Andrew Wiles, bingwa wa hesabu Mwingereza, alitangaza 1993 kwamba kathibitisha lile fumbo la hesabu la Fermat lililokaa miaka zaidi ya 350 bila jibu, kosa likaonekana, akahangaika mpaka Septemba 1994 ndo akalitatua, na alipokuja kusimulia kwenye televisheni sauti ikamkatika.

Kabla ya testi mpe karatasi, dakika 10 aandike anachoogopa, chochote, hata kama ni ticha. Watafiti Ramirez na Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago walilijaribu hilo, wakalitoa 2011, waoga walioandika walifanya vizuri kuliko waoga waliokaa tu. Akimaliza aichane, usiisome. Na mzee naye jioni moja aje pale mezani aagize kilo moja na robo tatu, asilete kalkuleta.