Fundi Anajibu: Kelele Inayopungua Ukibana Klachi

SWALI: Ndugu Fundi, salaam. Mimi ni mzaliwa wa Tanga ninayeishi Sheffield, Uingereza. Mwaka jana nilinunua Bultaco Sherpa T ya miaka ya 1970, ile pikipiki ya Kihispania ya mashindano ya kupita juu ya mawe na vijito bila kugusisha mguu chini. Injini ikiunguruma taratibu bila resi, na gia ikiwa fri, nasikia mgongano upande wa klachi kama mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo. Nikibana mkono wa klachi kelele hupungua sana ila haiishi, na nikitia resi kidogo hutoweka. Tangu mwezi uliopita umeongezeka mlio mwembamba wa kusaga. Fundi mmoja wa hapa anasema giaboksi imekufa, injini ishushwe ipasuliwe. Je, nikubali? — Msomaji, Sheffield

JIBU: Usikubali kwanza. Umenieleza kelele mbili, na inaelekea mwenzangu amezihesabu kuwa moja.

Kabla ya kushika spana, jiulize ni vitu gani vinazunguka wakati kelele inasikika. Katika injini yako kranki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, huizungusha cheni fupi iliyomo ndani ya kifuniko cha klachi, cheni huizungusha hausingi ya klachi, yaani kikapu kinachobeba pleti (sahani za msuguano), na pleti hizo zikiwa zimebanwa na springi huupeleka mzunguko huo hadi shafti ya kuingilia ya giaboksi. Gia ikiwa fri, shafti ya kutokea imesimama, lakini gia zilizo juu yake zinazungushwa bure bila mzigo wowote. Ukibana klachi, kila kilicho nyuma ya pleti kinapaswa kusimama. Nasema kinapaswa, kwa sababu pleti zinazofanya kazi ndani ya oili hunatana, na mara nyingi shafti huendelea kuburutwa hata mkono ukiwa umebanwa mpaka mwisho. Kwa hiyo kipimo cha kubana klachi gia ikiwa fri, ambacho karibu kila mtu hukitegemea, hudanganya. Kipimo cha kweli ni kuelekeza gurudumu la mbele ukutani, kushika breki, kubana klachi yote na kuingiza gia ya kwanza, kwani hapo shafti ya kuingilia imefungwa na gurudumu la nyuma na haiwezi kuzunguka hata ikitaka.

Sasa sikiliza. Ule mlio mwembamba ukinyamaza katika hali hiyo, beringi ya shafti ya kuingilia inashukiwa, na huenda fundi wako ana haki. Ukiendelea, giaboksi haihusiki. Tafuta kwenye cheni, kwenye bushi (pete ya chuma laini inayozungukia shafti) au beringi ya hausingi, kwenye kifaa cha kusukumia klachi, au kwenye beringi za kranki yenyewe. Chukua bisibisi ndefu, ncha yake iguse kifuniko, mpini uuweke kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, kisha uhamehame polepole mpaka upate mahali ambapo mlio una nguvu zaidi.

Kuhusu misumari ndani ya kopo, sina wasiwasi mkubwa. Sammy Miller, mwendeshaji mashuhuri wa mashindano hayo ya mawe na vijito, na Wahispania wa Bultaco walipoitengeneza Sherpa mwaka 1964, na yeye akashinda nayo mashindano ya siku sita ya Scotland mwaka 1965, walitaka injini inayoweza kutambaa kwa mzunguko mdogo sana bila kuzimika. Injini ya mapigo mawili ikitambaa hivyo haiwaki kwa mpangilio. Hupiga, husita, hupiga tena, na kila inaposita cheni hulegea na gia zisizo na mzigo hugongana meno. Sehemu ya kelele inayoondoka ukibana klachi ni ya gia hizo, nayo si ugonjwa. Sehemu inayobaki ni ya cheni au ya hausingi.

Kinachonishughulisha ni neno lako "mwezi uliopita". Miaka kadhaa iliyopita niliwahi kufungua mashine ya aina hii ambayo mwenyewe aliapa kwamba aliijaza oili wiki mbili kabla. Nilipofungua nati ya kumwagia upande wa klachi yalitoka kama vijiko viwili vya uji wa kahawia unaonuka kuungua, na viungo vya cheni vilikuwa na vumbi jekundu la kutu, ilhali sakafu ilikuwa kavu. Oili ilikuwa imenywewa na injini: sili ya kranki upande wa klachi, yaani pete ya mpira inayozuia oili kupenya, ilikuwa imekauka na kuwa ngumu kama kipande cha ndara ya zamani, na kila pistoni ilipopanda ikavuta oili kupitia hapo na kuichoma. Bultaco ina oili ya klachi mbali na ya giaboksi, kwa hiyo upande mmoja unaweza kukauka huku mwingine umejaa. Je, moshi umezidi tangu mlio ulipoanza, na plagi inatoka imelowa? Ikiwa ndivyo, umeshapata jibu.

Mwaga oili zote mbili kwenye vyombo tofauti na uzichuje kwa kitambaa cheupe. Tope laini la kijivu upande wa klachi ni la kawaida. Chembe za rangi ya shaba nyekundu au ya njano zimetoka kwenye bushi. Vipande vinavyong'aa kama magamba ya dagaa, vinavyonaswa na sumaku, ni ngozi ya beringi au ya jino la gia, na hivyo ndivyo vinavyohalalisha kupasua injini.

Ukifungua kifuniko, sukuma cheni juu na chini katikati ya sproketi mbili, yaani magurudumu ya meno yanayoishika. Mchezo ukizidi sana sentimita 1, mimi huihesabu imechoka. Pitisha ukucha kwenye mikato ya hausingi ambamo pleti hukaa. Ukikwama kwenye makovu madogo, yasawazishe kwa tupa. Makovu yakiwa na kina, badilisha hausingi, maana pleti zitakwama humo na klachi haitaachia sawasawa. Sili ibadilishwe kabla ya cheni mpya kufungwa. Na atokee atakayekushauri utie oili nzito ili kelele ipungue, mshukuru na usimsikilize: klachi itanata, na ugonjwa utakuwa palepale.

SWALI: Pikipiki yangu ya Yamaha TY175 ililala gereji majira yote ya baridi. Nikiingiza gia ya kwanza inapiga "kwaa!", inaruka mbele na kuzimika. Je, gia zimevunjika? — Msomaji, Toronto

JIBU: Hazijavunjika. Pleti za klachi zimegandana. Ipashe injini moto gia ikiwa fri, izime, ingiza gia ya pili, bana klachi na uisukumesukume pikipiki mbele na nyuma mpaka uisikie imeachia. Ikigoma, zitoe pleti uzioshe. Katika TY175 klachi na gia hutumia oili moja, kwa hiyo usiweke oili ya gari iliyotiwa viungo vya kupunguza msuguano. Hiyo itaiponya klachi yako kunata kwa kuifanya iteleze. Kagua pia kebo: mkono uwe na mchezo wa milimita 2 au 3 kabla haujaanza kuvuta, na ukiwa na mchezo mwingi kuliko huo klachi haitaachia yote hata pleti zikiwa mpya.